Kufundisha Uangalizi wa Seva ya Shule: Mafunzo Tuliyoyapata Idete

Wanafunzi wetu wa ualimu hufundishwa namna ya kuiwasha kompyuta, namna ya kuitumia, na namna ya kuizima bila ya kuiharibu. Ni nadra kufundishwa namna ya kuiangalia inapokuwa kazini. Upungufu huo hauonekani sana pale ambapo kila mtu ana mashine yake, kwani ikiharibika huathirika mtu mmoja tu. Lakini shule inapokuwa na seva, yaani kompyuta moja inayozihudumia nyingine zote za chumba kwa kuzigawia masomo na mazoezi, na kuwahifadhia wanafunzi kazi zao, kukosa uangalizi huwa ni hasara ya darasa zima. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi tulivyojifunza kulifundisha jambo hili, na kwanza hatuna budi kusimulia kosa letu.

Idete ni kijiji cha Bonde la Kilombero, upande wa magharibi wa Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mpunga. Masika yanapokolea, maji hutanda bondeni na safari ya kwenda Ifakara huwa ndefu. Intaneti hutegemea simu na salio. Umeme nao hukatika. Kwa sababu hizo shule moja ya upande huo, ambayo hatutaitaja jina, iliona vyema iwe na seva yake ya ndani, nasi tukashirikiana na walimu wake kuifunga. Mashine yenyewe ilikuwa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, yenye mfumo wa Linux wa jamii ya Debian. Ndani yake tuliweka Kolibri, programu huria iliyotungwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti ya kutegemewa. Kadi ya kuhifadhia ilikuwa ya gigabaiti 64. Mfumo na masomo vilipokwisha kuwekwa zikabaki gigabaiti 15 tupu, tukaona kuwa hiyo ni akiba ya kutosha.

Kisha, kwa hadhari, tukapanga kila usiku mashine itoe nakala ya kazi za wanafunzi. Nakala moja ilichukua nusu gigabaiti hivi. Hatukupanga nakala za zamani zifutwe. (Kuiweka nakala katika kadi ile ile yenye kazi yenyewe ni kosa la pili, maana kadi ikifa vyote vimekufa, nalo tulilisahihisha baadaye kwa diski ya nje.) Mtoto wa darasa la nne, akipewa gigabaiti 15 na nusu gigabaiti kwa usiku, angetuambia kwamba nafasi itakwisha baada ya siku 30. Hatukumwuliza mtoto huyo, wala hatukujiuliza wenyewe. Asubuhi moja, Kidato cha Pili wakiwa katikati ya jaribio, seva ikaacha kupokea majibu. Binti mmoja alituuliza kama majibu yake yamekwenda kwa mwalimu au yamepotea. Tulimjibu kwamba yamepotea. Walimu wa shule, ambao walikwisha kusikia wengi wakisema kuwa mashine hizi si za kutegemea, hawakutulaumu kwa neno lolote. Lakini kwa juma zima lililofuata chumba kilibaki kimefungwa, na somo likafundishwa ubaoni.

Tulipoifungua mashine na kuichunguza, jambo lililotuumiza zaidi ni hili: ilikuwa imetupa taarifa kwa siku 30 mfululizo. Kila siku namba ya nafasi tupu ilipungua kwa kiasi kile kile. Hapakuwapo mtu wa kuisoma.

Jaribio la kwanza la kufundisha

Tuliporudi chuoni tuliandaa somo la uangalizi wa seva kwa wanafunzi wetu. Tulianza pale ambapo wengi wangeanza, yaani kwa kuifunga programu ya uangalizi. Kwa saa mbili wanafunzi waliandika amri tulizowapa, na mwishoni kila kikundi kikawa na ukurasa wenye michoro ya rangi ya kijani na buluu ikipanda na kushuka. Walifurahi, nasi tukafurahi. Juma lililofuata tuliwaonyesha mmoja wa michoro hiyo, tukauliza swali jepesi: je, mashine hii ni nzima au ni mgonjwa? Hakuna aliyeweza kujibu. Mmoja alisema ni nzima kwa kuwa mchoro ni wa kijani.

Hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumefundisha ufungaji, wala si uangalizi. Mtu hawezi kujua lisilo la kawaida kabla ya kuijua kawaida, na kawaida haifungwi kwa amri. Hujulikana kwa kutazama mara nyingi, kwa saa zile zile, kwa kipimo kile kile. Tukaamua kuanza upya, na safari hii tuanze na mambo ambayo wanafunzi wa bonde hili wanayajua tangu utoto.

Dungu na kaya

Kila aliyekulia katika mashamba ya mpunga analijua dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ambamo mlinzi hukaa kuwangojea ndege na wanyama. Tuliwauliza wanafunzi: mlinzi wa dungu anafanya nini hasa? Wakajibu kwamba anafukuza ndege. Tukawauliza tena: saa ambazo ndege hawapo, je? Baada ya mabishano walikubaliana kwamba kazi yake kubwa ni kutazama shamba lililo salama, ili alitambue mara litakapoacha kuwa salama. Mlinzi anayepanda dunguni pale tu anaposikia kelele za ndege amekwisha kuchelewa.

Mfano wa pili ulikuwa wa Ifakara yenyewe. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kufuatilia hali ya watu katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Wadodosaji walizipitia kaya kila baada ya miezi minne, wakaandika waliozaliwa, waliofariki, waliohama na waliohamia. Ziara moja haielezi mengi. Ziara kumi zilizofanywa kwa utaratibu ule ule huonyesha jinsi vifo vya watoto vinavyopanda au kushuka. Wanafunzi waliokuwa wameona wadodosaji hao nyumbani kwao walilielewa jambo hili kabla hatujamaliza kulieleza, na mmoja akauliza swali zuri sana: kwa nini miezi minne na si kila siku? Tukawaachia walijibu wenyewe. Kupima ni gharama. Mpimaji hutumia miguu, karatasi na muda wa mwenye nyumba. Swali hilo lilitufaa baadaye.

Majuma matatu ya daftari

Kabla ya kuruhusu programu yoyote kufungwa, tuliwapa wanafunzi daftari moja la kurasa 96 na kalamu. Kila siku, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, mwanafunzi wa zamu aliandika amri tatu katika seva ya chuo na kunakili majibu yake. Amri hizo ni uptime, free -h na df -h. Zimo katika kila mashine ya Linux, hazihitaji kufungwa, wala hazihitaji intaneti.

Amri ya kwanza huonyesha muda ambao mashine imekuwa macho, na mwishoni huleta namba tatu za mzigo: wastani wa dakika 1, wa dakika 5 na wa dakika 15. Namba hizi huwatatiza wengi, kwani hazina kipeo, si asilimia. Tulizieleza kwa mashine za kukoboa mpunga. Raspberry Pi 4 ina viini vinne vya kufanyia kazi. Tuseme ni nyumba yenye mashine nne za kukoboa. Mzigo ukiwa 4, kila mashine ina gunia lake na hakuna anayengoja. Ukiwa 8, wanne wanahudumiwa na wanne wamekaa juu ya magunia nje. Ukiwa 1, mashine tatu zimelala. Namba tatu zikisomwa pamoja huonyesha mwelekeo: ikiwa ya kwanza ni kubwa kuliko ya tatu, foleni inakua, ikiwa ni ndogo, inakwisha. Ieleweke pia kwamba Linux humhesabu hata yule anayengojea diski, kama mtu ambaye mpunga wake haujafika kwa kuwa mkokoteni umekwama. Kwa hiyo yawezekana foleni ikawa ndefu na mashine za kukoboa zikawa zimelala. Katika seva zinazotumia kadi ndogo jambo hilo hutokea mara nyingi, kwa sababu kadi ni ya polepole.

Amri ya pili huonyesha kumbukumbu ya muda, na hapa pana kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Huona kwamba nafasi tupu kabisa ni ndogo mno, akashtuka, akadhani mashine inakaribia kufa. Lakini Linux haipendi kuacha kumbukumbu ikae bure. Hufanya kama mwenye ghala mwerevu, ambaye humruhusu jirani kuweka magunia yake ndani kwa sharti kwamba atayaondoa mara mwenyewe atakapohitaji nafasi. Magunia ya jirani ni nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, zinazotunzwa ili zikihitajiwa tena zipatikane upesi. Namba ya kutazama ni ile ya safu ya mwisho, inayojumlisha nafasi tupu na sehemu kubwa ya ile inayoweza kurudishwa. Namba hiyo ikishuka siku hadi siku, na mashine ikaanza kutumia diski badala ya kumbukumbu, hapo ndipo pa kushtuka.

Amri ya tatu ndiyo ingalituokoa. Huonyesha kila diski, ukubwa wake, kilichotumika, kilichobaki, na asilimia. Wanafunzi waligundua wenyewe kwamba kadi iliyoandikwa 64 huonekana kuwa na 59 au 60, wakataka kujua nani amewaibia. Hakuna mwizi: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, na kompyuta huhesabu kwa 1024. Mwalimu wa hisabati apendaye aweza kupata kipindi kizima hapo.

Baada ya majuma matatu tuliwaambia wachore namba zao katika karatasi ya miraba. Walichora kwa mkono mzigo wa saa sita mchana, wakaona kwamba Jumanne na Alhamisi hupanda, na bila ya kuulizwa wakasema kwamba hizo ndizo siku ambazo madarasa mawili huingia pamoja. Waliona diski ikipanda taratibu. Mmoja aliweka rula juu ya mstari, akaurefusha hadi kwenye 100, akatuambia tarehe. Hatukuwa tumemfundisha hilo.

Kuifunga Munin

Sasa programu ilikuwa na maana, kwa kuwa ilikuja kufanya kazi ambayo wanafunzi walikwisha kuichoka. Tulichagua Munin. Ziko nyingine: Netdata hupima kila sekunde na kuonyesha mambo mengi mno kwa anayeanza, Nagios ni nzuri kwa kutoa maonyo lakini mipangilio yake ni mirefu. Munin hufanya kwa mtambo kile kile ambacho daftari lilifanya kwa mkono. Jina lake ni la mmoja wa kunguru wawili wa Odin katika hekaya za kale za Skandinavia, ambao waliruka kila siku kuuzunguka ulimwengu na kurejea na habari. Maana yake ni kumbukumbu.

Munin ina sehemu mbili, na mwalimu azitenganishe tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza hukaa katika kila mashine inayoangaliwa, tuiite mpimaji. Sehemu ya pili hukusanya vipimo na kuchora, tuiite mkusanyaji. Kila baada ya dakika 5 mkusanyaji hugonga mlango wa mpimaji, ambao ni namba 4949, na kumwuliza habari moja moja; mpimaji hujibu kwa namba. Katika shule yenye seva moja sehemu zote mbili hukaa katika mashine hiyo hiyo. Amri ya kufunga ni sudo apt install munin munin-node apache2, nayo huhitaji intaneti kwa muda mfupi. Mwenye kwenda Idete wakati wa masika aifanye kabla ya kuondoka.

Mara baada ya kufunga, ukurasa huwa mtupu. Tulipofundisha mara ya kwanza ukimya huo ulituaibisha, na mwanafunzi mmoja akaifuta programu yote akidhani ameharibu. Siku hizi tunautumia muda huo kuwauliza kwa nini ni lazima kungoja. Vipimo kama wingi wa data inayopita katika mtandao ni kama mita ya maji: usomaji mmoja hauelezi matumizi, sharti usome mara mbili na kutoa. Hivyo michoro huanza kuonekana baada ya dakika 10 hivi. Anayetaka uhakika kabla ya hapo aandike sudo munin-run df, naye atamwona mpimaji akijibu papo hapo.

Habari zinazopimwa hutoka kwa vipimaji vidogo vilivyomo katika folda ya /usr/share/munin/plugins. Vile vinavyotumika hasa ni vile vyenye kiungo katika /etc/munin/plugins. Kuondoa kiungo ni kumpumzisha mpimaji bila ya kumfukuza. Baada ya badiliko lolote ni lazima mpimaji mkuu aanzishwe upya kwa sudo systemctl restart munin-node. Twashauri vipimaji vipunguzwe mapema. Tulipofunga mara ya kwanza tuliviacha vyote, na wanafunzi wakapotea katika msitu wa michoro. Kwa shule vyatosha diski, kumbukumbu, mzigo, mtandao na joto. Joto tusilisahau. Raspberry Pi 4 ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia kasi ili isiungue, na katika chumba cha mabati, mchana wa Kilombero, nyuzi hizo haziko mbali. Darasa lililokuwa likilalamika kwamba seva ni mvivu alasiri lilitibiwa kwa kuitoa mashine juu ya kabati na kuiweka karibu na dirisha.

Kwa kawaida ukurasa wa Munin hufunguka katika mashine yenyewe tu. Kwa kuwa seva ya shule haina kioo, faili la /etc/munin/apache24.conf huna budi kulibadili ili kuruhusu kompyuta za mtandao wa ndani wa shule, na hizo pekee.

Jambo moja la muundo wa Munin lastahili kuelezwa darasani, kwani laondoa hofu halali. Mwanafunzi aliyeona seva ikifa kwa kujaa ataogopa, na ni vyema aogope, kwamba mwangalizi naye ataijaza diski kwa vipimo vyake. Munin hutumia mafaili ya RRD, ambayo hayakui. Kila faili lina nafasi zilizohesabiwa, kama sanduku la mayai: vipimo vya kila dakika 5 hutunzwa kwa siku 2, wastani wa nusu saa kwa siku 9, wastani wa saa 2 kwa siku 45, na wastani wa siku kwa siku 450. Nafasi zikijaa, kipimo kipya hukaa mahali pa kile cha zamani kabisa. Ndiyo kusema mchoro wa mwaka hauwezi kukuambia kilichotokea saa nne asubuhi ya siku fulani miezi sita iliyopita. Anayetaka kuijua saa hiyo aandike katika daftari, na kwa sababu hiyo daftari letu halikustaafu.

Hata hivyo, kupima ni gharama, kama lilivyouliza swali la miezi minne. Katika mchoro wa mzigo wanafunzi waliona meno madogo kila baada ya dakika 5, hata usiku chumba kikiwa kimefungwa. Walikisia virusi. Alikuwa Munin mwenyewe akifanya kazi yake. Kuandika huko kwa mara kwa mara huchosha kadi ndogo, na ikiwezekana mafaili ya Munin yawekwe katika diski ya nje.

Saa inayosema uongo

Tulipeleka mpango huu Idete tukiwa na imani kubwa, na kwa siku kumi mambo yakaenda vyema. Kisha walimu wakatupigia simu wakisema kwamba michoro imesimama. Mashine ilifanya kazi, masomo yalifunguka, lakini Munin alikuwa bubu.

Sababu yake haimo katika vitabu vingi, kwa kuwa vitabu huandikwa na watu wenye intaneti. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika haijui muda uliopita. Ikiwaka hujipa wakati ule iliouhifadhi mara ya mwisho, kisha hungoja intaneti iisahihishe. Pale Idete umeme ulikatika usiku, ukarudi asubuhi, na intaneti haikuwapo. Mashine ikaamini kwamba ni jana usiku. Baadaye mwalimu mmoja alipoiunganisha na simu yake, saa ikajisahihisha. Hadi hapo michoro ilikuwa na uongo mdogo tu. Lakini mwalimu mwingine, akijaribu kusaidia, aliiandikia tarehe kwa mkono, akakosea mwezi, ikaenda mbele. Akaisahihisha tena kurudi nyuma. Faili la RRD hukataa kipimo chochote chenye wakati uliotangulia kile cha mwisho kilichoandikwa. Likawa linangoja mwezi ujao ufike.

Tiba ya siku ile ilikuwa kuyafuta mafaili ya vipimo na kuanza upya. Tiba ya kudumu ni kipande kidogo cha saa chenye betri, aina ya DS3231, kinachochomekwa kwenye mashine. Raspberry Pi 5 imekuja na saa yake, ila betri hununuliwa mbali. Na kwa upande wa mafunzo, tumeongeza safu moja katika daftari: mwanafunzi wa zamu huandika saa ya mashine na saa ya mkononi, mmoja kando ya mwingine, kabla ya kusoma kipimo chochote. Lau tungeruhusiwa kubakiza zoezi moja tu kati ya yote, tungebakiza hilo.

Onyo litolewe lini

Munin huweza kutoa onyo kipimo kinapovuka mpaka. Kwa diski, mipaka iliyokuja nayo ni asilimia 92 kwa onyo na 98 kwa hatari. Wanafunzi wengi huikubali kama amri iliyotoka juu. Sisi tuliwapa swali: ikiwa mashine inakula nusu gigabaiti kwa siku, na likizo ni ya majuma manne, onyo litolewe nafasi ikibaki kiasi gani? Walikokotoa: siku 28 ni gigabaiti 14, nazo ni karibu robo ya kadi. Mpaka ufaao, basi, ulikuwa asilimia 75. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akasema kwamba kwa kipimo hicho seva yetu ya kwanza ingelia siku ile ile tuliyoifunga. Ni kweli tupu. Baadaye, nakala zilipohamishiwa diski ya nje, kadi iliacha kukua kwa kasi. Wakakokotoa upya na kuandika 85 na 95 katika mipangilio ya kipimaji cha diski.

Onyo la barua pepe halifai pasipo na intaneti. Shule yetu ilitumia modemu ya zamani yenye laini ya simu na programu ya Gammu, ambayo humtumia mwalimu wa zamu ujumbe mfupi. Ujumbe mfupi hupita hata pale ambapo intaneti imegoma. Lakini tahadhari: mwanzoni tuliweka onyo kwa joto na kwa mzigo pia, na mwalimu akapokea jumbe nyingi kila alasiri. Juma la pili aliizima simu. Tulibakiza onyo la diski na la kumbukumbu. Mengine husomwa mezani.

Katika kuiendesha kazi hii kwa siku zote, mambo machache tu ndiyo yanayorudia. Kila Ijumaa daftari la matukio la mashine hupunguzwa kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M, na masalia ya programu zilizofungwa huondolewa kwa sudo apt clean. Masomo yasiyotakiwa huondolewa kupitia ukurasa wa Kolibri wenyewe, kamwe si kwa kufuta mafaili kwa mkono. Kuna pia jambo la adabu. Walimu wengine walitamani kifaa kiwaonyeshe ni mwanafunzi gani anatazama nini. Tulikataa kulichanganya hilo na uangalizi wa mashine. Munin huhesabu magunia, hasomi majina yaliyoandikwa juu yake. Na taarifa za mtu sasa zina sheria yake, ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Mhula uliofuata tulizuru tena bila ya kutoa taarifa. Chumba kilikuwa wazi. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisitembee. Katika ukurasa wa siku hiyo kulikuwa na mwandiko wa binti yule aliyepoteza majibu yake, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Tatu na mmoja wa watu wa zamu: diski 61, mzigo 0.4, saa ya mashine imechelewa dakika mbili, mwalimu ameambiwa.